Habari za Fundi Koki na Vita Vyake na Mtihani wa Kiingereza

Enyi mlioketi na mliosimama, mlio na kazi na mlioambiwa mngoje barua, wekeni vikombe chini, zimeni redio, mwambieni anayekohoa akakohoe nje. Kwa maana leo inasimuliwa habari ambayo watunza tarehe wa dunia, wakiwa bado wanahangaika na wafalme na ndoa zao, waliipita bila kugeuza shingo. Ni habari ya Fundi Koki, simba wa chumba cha pampu, bwana wa mabomba saba na tangi moja linalovuja, mjane mwanamume, mtu wa darasa la nne na nusu, aliyeinuka akiwa na miaka hamsini na mitatu akaenda kupigana na mtihani wa Kiingereza wa chuo, upande wa kusikiliza na upande wa kuandika, wala asirudi amebebwa.

Nawe kalamu ya buluu, uliyetafunwa mkia ukabaki unavuja mfukoni, tusaidie tuseme yote bila kupunguza. Kuongeza tutaongeza wenyewe.

Ilikuwa hivi. Chuoni kule alitawazwa Mkuu mpya, mtu mwenye suti tatu na maono. Wiki ya kwanza maono yakamwambia geti lipakwe rangi, likapakwa. Wiki ya pili yakamwambia abadilishe mapazia ya ofisi yake, yakabadilishwa. Wiki ya tatu, mapazia yakiwa yameshatundikwa na adui mwingine hayupo, maono yakamgeuza akawatazama wafanyakazi wake, akatambua kwamba kinachokirudisha chuo nyuma si paa la maktaba linalovuja, wala si vyoo vya ghorofa ya pili vilivyofungwa kwa kamba tangu mwaka juzi, bali ni Kiingereza cha wapishi.

Amri ikashuka, imepigwa muhuri mara mbili ili itishe: kila mtumishi, kuanzia dereva hadi mfagizi, afanye mtihani uleule wanaofanya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na atakayepata chini ya hamsini kwa mia awapishe wenye lugha. Mtihani ule kwa kawaida una sehemu nne. Lakini kusoma na kuzungumza vikafutwa, kwani kumpima mtu kuzungumza kunataka mpimaji naye azungumze, na hapo wakubwa wakatazamana, wakakohoa, wakasema muda hautoshi. Vikabaki kusikiliza na kuandika.

Sasa kazi ya Fundi Koki ilikuwa na mkia, na mkia wenyewe ni nyumba: vyumba viwili na sebule nyuma ya tangi la maji, nyumba namba nne. Humo mkewe aliishi miaka kumi na saba, akapanda maua kwenye makopo ya rangi, na humo akaugua. Sasa walibaki wawili, Fundi na mama mkwe wake, ambaye hakuwa na pengine pa kwenda. Kazi ikiondoka, nyumba inaondoka, na makopo ya maua yanatupwa nje na mtu asiyejua yalipandwa na nani.

Shujaa akajitwika hasira yake akaenda ofisini.

"Bwana Afisa," akanguruma, kofia mkononi, matope magotini, "nimelinda maji ya chuo hiki miaka kumi na tisa. Wakuu wanne wameoga kwa mkono wangu huu. Hebu niambie, bomba likipasuka huwa linapasuka kwa Kiingereza?"

Afisa utumishi, ngome ya mihuri, mlinzi wa mafaili yasiyofunguliwa, hakuinua uso. "Fundi, usiniletee maneno ya kijiweni. Dunia imebadilika."

"Imebadilika lini? Mbona spika ya ukumbini haijabadilika? Nimeiandika kwenye daftari la hitilafu mara kumi na moja."

"Na daftari unampelekea nani?"

"Wewe."

"Basi inashughulikiwa," akasema Afisa, akamsukumia kijitabu. "Una wiki sita. Kasome."

Kijitabu kile ndicho silaha pekee ambayo serikali ya chuo iliwapa askari wake, na tukitazame kwa heshima inayostahili. Kilikuwa na kurasa themanini, ila mashine ya kunakili ya chuo ilikuwa inachapa upande mmoja tu, kwa hiyo swali lilikuwepo na jibu halikuwepo; "geuza ukurasa," kijitabu kinakuamuru, ukigeuza unakuta jangwa. Mwalimu wa kuwaandaa alikuja siku moja, akaita majina, akaweka alama ya waliohudhuria, akaondoka asionekane tena. Na kanda za kujizoeza kusikiliza zilikuwepo, tena mpya, ndani ya kabati. Ufunguo wa kabati ulikuwa na bwana mkubwa. Bwana mkubwa alikuwa safarini.

Fundi aliposikia habari ya ufunguo alikifunga kijitabu. Ufunguo ulio mfukoni mwa mtu aliye safarini alishakutana nao zamani, mahali pengine, na huko tutafika.

"Ndugu yangu," akamwambia Mpishi wa bweni, shujaa wa masufuria, aliyekuwa amekaa naye benchi moja, "unaona hii vita walivyotuandalia?"

"Vita gani? Sisi unga wetu umeshamwagika. Mimi Kiingereza najua kile cha kwenye makopo tu. Wakiniuliza tarehe ya kuharibika, nafaulu."

Hapo ndipo akainuka Mama.

Huyu mama mkwe alikuwa opereta wa simu wa chuo hichohicho kwa miaka thelathini, enzi ambazo wakubwa hawakuwa na simu mifukoni. Sauti yake iliwaunganisha wakuu saba na wake zao, na siku nyingine na wasiokuwa wake zao, na wala siri haijamtoka mpaka leo. Tangu binti yake afariki, miaka miwili sasa, alikuwa hatoki chumbani ila kwa haja. Na kwa kuwa mkwe ni mkwe na heshima ni heshima, yeye na Fundi walizungumza kupitia mlango wa mbao, yeye ndani, Fundi sebuleni, kama wizara mbili zisizotaka kuonana.

"Baba," sauti ikatoka mlangoni jioni ile, "nasikia mnafukuzwa kwa Kiingereza."

"Tunafukuzwa, mama. Mimi na wewe na maua yetu."

"Nani kasema? Vuta ndoo ukae. Shika kalamu. Mimi nasema mara mbili, ya tatu nakata."

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi miaka yake yote. Ujumbe aliurudia mara moja. Anayetaka tatu alikatiwa, awe mkuu, awe mgeni wa mkuu. Fundi akageuza ndoo, akaketi, akakaza macho kwenye mbao za mlango kama jemadari anayetazama kuta za mji atakaouteka. Kule ndani Mama akasafisha koo, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka kama waya, ya kwamba kikao cha Jumanne saa tatu kimehamishiwa Alhamisi saa nane, chumba namba sita, kila mmoja aje na nakala tatu. Akasema tena. Akakata.

"Umepata nini?"

"Nimepata sita."

"Sita nini?"

"Sita tu, mama. Ilipita peke yake."

"Makubwa!" ikasema mbao. "Sikia, baba. Mtu akisema maneno mia, ya kazi ni manne: nani, wapi, lini, ngapi. Yaliyobaki ni adabu. Wakubwa hasa, wao ni adabu tupu. Nilikuwa namsikiliza mtu nusu saa, mwisho nakuta nani hayupo na wapi hapajulikani. Usiyafukuze maneno yote kama kuku waliotoka bandani. Kamata hayo manne, mengine yaache yaende zake."

Basi ikaanza vita ya jioni arobaini. Kila siku, akishafunga koki kuu na kunawa matope, Fundi alikaa juu ya ndoo yake mpaka jua linazama, na mlango ukamrushia treni zilizochelewa, wagonjwa waliohamishwa wodi, mizigo iliyopelekwa ghala jingine, wageni watano waliokuwa wanne. Wiki ya kwanza aliuawa kila jioni. Wiki ya pili akawa anajeruhiwa tu. Wiki ya nne tangi lilikuwa linafurika nje, redio ya jirani inatangaza mpira, na Mama mwenyewe anasema huku anapiga mswaki, na bado Fundi Koki alitoka na majibu manane kwa kumi, jasho likimtiririka kama aliyebeba pampu mgongoni.

Ikabaki kuandika, na hapo simba akalala chini.

"Hapa ndipo watanizika, mama. Kuandika Kiingereza sijui hata mstari mmoja."

"Na lile daftari unalobana kwapani kila siku, huwa unaandika nini?"

"Lile? Lile si Kiingereza, lile ni kazi. La hitilafu. Nililirithi kwa fundi aliyenitangulia, nikafuata alivyokuwa anachora."

"Lipitishe chini ya mlango."

Likapita. Zikasikika kurasa za miaka kumi na tisa zikigeuzwa. Kisha Mama akasoma kwa sauti, kwanza kwa Kiingereza kilekile kilichoandikwa, halafu kwa lugha ya nyumbani: "Pampu namba mbili: imezima. Imeripotiwa. Hakuna hatua iliyochukuliwa. Kipuri hakipo. Itajaribiwa tena." Akafungua pengine. "Choo, ghorofa ya pili: kinavuja. Kimeripotiwa. Hakuna hatua iliyochukuliwa." Akafungua pengine. Hakuna hatua iliyochukuliwa.

"Baba, maana ya haya unaijua?"

"Neno kwa neno. Mbona ndiyo kazi yangu."

"Sasa haya ni nini kama si Kiingereza? Tena kimenyooka kushinda cha Mkuu wako."

Miaka kumi na tisa Fundi alikuwa na upanga kiunoni, na wakubwa walikuwa wakimpigia kelele kwamba hana upanga, naye akawaamini. Maana yake aliijua yote. Alichokuwa hajui ni kwamba kumbe na hiyo ni lugha.

Tangu hapo Mama akamfundisha kila barua kwa sura ya hitilafu, maana sura nyingine Fundi hakuwa nayo na muda wa kuitafuta haukuwepo. Akampa zoezi: mwalike rafiki harusini. Fundi akaandika, akapitisha karatasi chini ya mlango kwa majivuno ya mjumbe aletaye habari za ushindi. Ilisema: "Harusi: Jumamosi. Bibi harusi: yupo, hali nzuri. Bwana harusi: ameripotiwa. Wageni: wajaribu tena."

Mama akacheka. Akacheka mpaka akakohoa, akapiga kitanda kwa kiganja, akasema "Mungu wangu, bwana harusi ameripotiwa," akaanza upya. Chumba kile kilikuwa hakijatoa kicheko kwa miaka miwili. Fundi alibaki ameshika kalamu, hajui kama achukie au ashukuru, akaamua kujifanya anakaza mguu wa ndoo, ambao ndoo haina.

"Ni fupi," Mama akasema alipotulia. "Wao wanataka maneno mia moja."

"Nitayatoa wapi?"

"Ongeza siku. Hitilafu ya siku moja ni mstari. Ya miaka ni barua."

Siku ya vita ikafika. Saa tatu asubuhi majeshi yakaingia ukumbini, watu arobaini: walinzi bila virungu, madereva bila magari, wapishi wanaonuka sabuni, watunza bustani waliokata kucha kwa ajili ya adui. Afisa utumishi akapanda jukwaani akabonyeza mashine ya sauti. Na pale juu, pale palipoandikwa mara kumi na moja katika daftari, ile spika ikakoroma, ikatetemeka, ikatoa sauti ya mtu anayezungumza ndani ya pipa, pipa lenyewe likiwa nyuma ya ukuta.

Ukumbi ukalipuka.

"Bwana Afisa, hatusikii!" wakapiga kelele walinzi.

"Huyo mtu mmemfunika ndani ya sufuria!" akalia Mpishi. "Mfunueni apumue!"

"Nyamazeni! Anayesikiliza kwa makini anasikia."

"Wewe unasikia?"

"Mimi si mtahiniwa," akajibu Afisa, na hili ndilo neno la kweli pekee lililotoka ofisini kwake mwaka ule.

Fundi Koki alikuwa ameshafumba macho. Maana sauti iliyofunikwa, iliyotoka nyuma ya mbao, iliyochanganyika na kelele za watu na ngurumo za bomba, kwake haikuwa balaa, ilikuwa nyumbani. Spika ikasema, naye akasikia mlango. Nani: daktari mgeni. Wapi: jengo la pili. Lini: Ijumaa, saa nne na nusu. Ngapi: watu kumi na wawili. Adabu akaiacha ipite zake. Kanda ikasema mara mbili, ikakata. Jirani zake wakatazamana kama waliofiwa. Yeye akajaza mistari yake, akapuliza wino ukauke.

Ikaja karatasi ya kuandika. Swali lilikuwa moja tu: mwandikie rafiki aliye mbali umweleze hali ya nyumbani kwako katika miaka ya karibuni.

Shujaa akasoma mara moja. Akasoma mara mbili. Alijiandaa kwa harusi, kwa mzigo uliopotea, kwa treni iliyochelewa. Kwa hili hakujiandaa. Kalamu ikakaa juu ya karatasi muda mrefu, ikadondosha tone la buluu. Kisha akaandika, kwa Kiingereza cha miaka kumi na tisa, na maneno yake kwa lugha yetu ni haya:

"Nyumba namba nne, nyuma ya tangi. Wakaaji: watatu.

Mwezi wa pili. Mke: maumivu ubavuni. Ameripotiwa kliniki. Tumeambiwa turudi Alhamisi.

Alhamisi. Tumerudi. Mashine ya kupima ipo. Chumba cha mashine: kimefungwa. Ufunguo: uko na bwana mkubwa. Bwana mkubwa: yuko safarini. Hakuna hatua iliyochukuliwa.

Mwezi wa tatu. Mke: ameripotiwa mara ya pili. Ufunguo: haujarudi. Hakuna hatua iliyochukuliwa.

Mwezi wa nne. Mke: ameripotiwa mara ya tatu. Ufunguo: umerudi. Mashine: inafanya kazi. Mke: amezima, Jumapili, saa kumi na moja alfajiri. Kipuri hakipo.

Tangu siku hiyo nyumba inaendeshwa kwa pampu moja. Mama yake: yuko chumbani, mlango umefungwa, anasikika. Maua: yanamwagiliwa kila siku. Wakaaji: wawili.

Itajaribiwa tena."

Akahesabu maneno. Yalitosha. Akakunja mikono, akatazama dirisha mpaka kengele ikalia.

Wiki tatu baadaye matokeo yakabandikwa kwenye ubao wa matangazo, na karatasi zikarudishwa kwa wenyewe ili kila mtu aione aibu yake kwa karibu. Wengi walianguka, na Mpishi aliyepata arobaini na tatu akapangiwa arudie, kwani bweni haliwezi kulala njaa. Lakini karibu na mwisho wa orodha ya waliofaulu, sikilizeni, mliokaa nyuma sogeeni, liliandikwa jina la mhudumu wa pampu: kusikiliza thelathini, kuandika ishirini na moja, jumla hamsini na moja kwa mia. Alama moja juu ya mstari! Ngome zimewahi kushikwa kwa nafasi kubwa zaidi ya hiyo, na hakuna aliyepigiwa makofi ya kweli kama yale waliyompigia wapishi kwa mifuniko. Chini ya barua yake msahihishaji, ambaye hakuna aliyewahi kumwona, alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Hii si barua. Nimeielewa yote."

"Hongera, Fundi," akasema Afisa utumishi akipita. "Umeponea chupuchupu. Nyumba yako utabaki nayo."

"Na spika?"

"Spika imefanya nini?"

"Haisikiki."

"Wewe si umeisikia? Basi nzima hiyo."

Fundi Koki akakunja karatasi yake. Alirudi nyumbani mwendo wa wafalme waliorudi na nyara, akamwagilia makopo, akavuta ndoo yake, akapitisha karatasi chini ya mlango.

"Nimepita, mama. Hatuhami."

Karatasi ikavutwa ndani. Fundi akasikia kitanda kikilia, halafu akasikia sauti ya opereta, ileile ya miaka thelathini, imenyooka, haitetemeki, ikisoma kwa Kiingereza kuanzia nyumba namba nne hadi itajaribiwa tena. Ilipofika mwisho ikasoma tena. Fundi akainamisha kichwa, akangoja ikate.

Mama akaisoma mara ya tatu.

Basi na iandikwe, kwa kuwa wakubwa hawataiandika, ya kwamba siku ile mtu wa darasa la nne na nusu aliupiga mtihani wao kwa ndoo, kwa mlango na kwa hitilafu zao wenyewe walizokataa kuzisoma, na taifa zima la wapishi likashuhudia. Wafalme wana minara yao. Yeye ana mistari mitatu kwenye daftari, kwa wino wa buluu, aliyoiandika jioni hiyohiyo kabla giza halijaingia:

"Mhudumu wa pampu: amepimwa, anafanya kazi. Spika ya ukumbini: imeripotiwa, mara ya kumi na mbili. Mama: alisema mara tatu, hakukata."